Java Wanapokesha na Vikaragosi

Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza. Kama uko barabarani unarudi kutoka kazini, endesha taratibu, tutafika pamoja. Leo nataka tuivuke Bahari ya Hindi yote mpaka ng'ambo ya pili, kisiwani Java, nchini Indonesia, katika mji wa Yogyakarta. Wenyeji wanaufupisha, wanauita Jogja.

Tunakwenda kufanya nini huko? Kutazama vikaragosi. Na ninaposema vikaragosi, tafadhali usifikirie michezo ya watoto peke yake, maana huko mtu mzima, mzee wa heshima, anatandika mkeka wake na kukesha mpaka alfajiri kwa ajili ya kikaragosi.

Basi katika mji huo wa Yogyakarta, kila baada ya miaka miwili tangu 2008, huwa kuna tamasha la kimataifa liitwalo Pesta Boneka, yaani karamu ya wanasesere. Linaandaliwa na kikundi cha Papermoon Puppet Theatre, kilichoanzishwa mwaka 2006 na mwanamke anayeitwa Maria Tri Sulistyani. Wengi humwita Ria tu. Anakiongoza pamoja na mumewe, mchoraji Iwan Effendi. Mwaka 2006, kwa watu wa Yogyakarta, ni mwaka usiosahaulika, kwa sababu tarehe 27 Mei ya mwaka huo tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 5,700 katika eneo hilo. Kikundi kilikuwa kichanga kabisa, kikifanya kazi na watoto, na mji wenyewe ukawa katika matanga. Miaka miwili baadaye kikundi hichohicho kikaalika wageni kwenye karamu ya vikaragosi.

Wageni hao hutoka nchi nyingi, na kila mmoja huja na vikaragosi vyake na namna yake ya kuvichezesha. Hukuti jumba moja kubwa lenye viti vya mahameli. Maonyesho husambaa mjini, mengine katika vyumba vidogo ambamo unaweza kusikia pumzi ya mchezaji, na mengine hupelekwa kijijini, nje ya mji. Mwaka 2020, wakati wa korona, waandaaji walilihamishia tamasha kwenye intaneti.

Sasa, msikilizaji, hapa pana swali, na swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Papermoon wanafanya kazi kwa karatasi, maboksi, henzirani na vitambaa. Hawatumii ngozi. Kazi yao haitegemei kiwambo cheupe wala kivuli. Hawaimbi habari za wafalme wa kale. Lakini wanaishi Yogyakarta, mji wenye sultani wake, mji ambao sanaa ya vikaragosi vya ngozi, ile wayang kulit, inalindwa na kuheshimiwa sana. Je, imekuwaje hawa wapya wakapata nafasi hapo? Mbona wazee hawakuwafukuza?

Ili tujibu, hatuna budi kwanza tukae kwenye mkeka usiku mmoja, tutazame wayang yenyewe inavyokwenda. Twende taratibu.

Mchezo unaanza kama saa tatu usiku. Kumetandazwa kiwambo cheupe cha kitambaa, na juu yake inaning'inia taa. Zamani ilikuwa taa ya mafuta ya nazi, siku hizi ni ya umeme. Chini ya kiwambo kumelazwa mashina ya migomba, mabichi, yamekatwa siku hiyohiyo. Kwa nini migomba? Kwa sababu kila kikaragosi kina mpini wenye ncha, mara nyingi wa pembe ya nyati, na mpini huo unachomekwa kwenye shina la mgomba ukasimama imara. Wafalme na majitu wanapangwa kulia na kushoto, safu mbili ndefu, wakingoja zamu zao.

Kikaragosi chenyewe ni ngozi ya nyati iliyokwanguliwa ikawa nyembamba. Fundi anaitoboa kwa patasi ndogo ndogo, tundu baada ya tundu, mpaka nywele, mikufu na vilemba vinaonekana kama lesi. Kisha anaipaka rangi na dhahabu. Nawe utauliza: rangi ya nini, ikiwa watu wanatazama kivuli? Ni kwamba watu wanaruhusiwa kukaa upande wowote. Ukikaa nyuma ya kiwambo unaona kivuli. Ukikaa upande wa fundi unaona rangi zote, na unamwona fundi mwenyewe akihangaika. Siku hizi watazamaji wengi wa Java wanapenda upande wa fundi.

Fundi huyo anaitwa dalang. Mtu mmoja, na ndiye kila kitu. Amekaa chini, miguu ameikunja, mgongo umenyooka. Mikono miwili inachezesha vikaragosi. Mguu wa kulia unagonga bamba za chuma zilizotundikwa kwenye sanduku lililo ubavuni mwake, na pengine vidole vya mguu huohuo vimeshika nyundo ndogo ya mti, koh, koh, kuwapa ishara wapigaji walioketi nyuma yake. Wapigaji hao na waimbaji wa kike ni kundi zima, wana vyombo vya shaba vya kugongwa, vidogo kwa vikubwa, na muziki wao unaitwa gamelan. Na sauti zote ni za dalang. Mfalme anasema kwa sauti yake, binti mfalme naye kwa yake, jitu linanguruma, mtumishi anacheka, na wote hao ni kinywa kimoja. Hainuki pale mpaka alfajiri. Saa nane, saa tisa, hajaondoka kwenye nafasi yake!

Hadithi anazosimulia ni za kale mno. Nyingi zinatokana na Mahabharata na Ramayana, tenzi kuu zilizotoka Bara Hindi. Kuna maandishi ya Java ya mwaka 907, zama za mfalme Balitung, ambayo tayari yanataja wayang. Kisha Uislamu ukaingia Java, na leo Wajava wengi mno ni Waislamu, lakini wayang haikufa. Masimulizi yao wenyewe yanamtaja Sunan Kalijaga, mmoja wa mawalii tisa wa Java, kuwa aliitumia wayang kuwafikishia watu dini. Kwa hiyo mtazamaji Mwislamu anakesha akisikiliza visa vilivyotoka India, na haoni shida yoyote.

Sasa nifuate vizuri hapa, maana tumefika penyewe. Saa za mwanzo za usiku dalang anazungumza Kijava cha juu sana, chenye maneno ya kale ambayo watu wengi pale mkekani hawayaelewi sawasawa. Wafalme wanaamkiana kwa adabu ndefu. Watoto wanasinzia. Halafu, usiku wa manane umepita, muziki unabadilika, unapanda, ulimwengu unatikisika. Sehemu hiyo inaitwa goro-goro. Na baada ya mtikisiko huo wanaingia watumishi wanne: Semar mwenye kitambi, na wanawe Gareng, Petruk na Bagong. Waliosinzia wanaamka, na vicheko vinaanza.

Hao wanne hawamo katika Mahabharata ya India. Ni wa Java. Wajava waliipokea hadithi ya wageni, wakawatia ndani yake watu wao. Na watumishi hao wanasema Kijava cha kila siku, cha sokoni na nyumbani. Wanasema habari za leo. Bei ya mchele, uchaguzi, chifu wa kijiji aliyeketi pale mbele, yote yanaguswa. Wanamtania hata mwenye shughuli aliyelipia mchezo. Na huyo Semar, mtumishi mnene anayechekwa, kwa itikadi yao ni mungu aliyejificha katika umbo la mtumishi. Wafalme wakipotea njia, yeye ndiye anayewarudisha.

Unaona, msikilizaji? Katikati ya mchezo wa kale kabisa, wazee walitengeneza mlango, na mlango huo ni wa kuingizia mambo ya leo. Haukuvunjwa na vijana juzi. Ulikuwepo tangu wazee wenyewe. Narudia, kwa sababu ndilo ninalotaka ulishike jioni hii: mambo mapya yana mlango wao katika wayang, na mlango ni sehemu ya nyumba. Ndiyo maana mimi siamini watu wanaposema kwamba jadi na sanaa ya kisasa ni maadui wanaohitaji kupatanishwa. Pale Java vilikuwa vinakutana kila usiku, baada ya saa sita.

Mlango huo umepitiwa na wengi kabla ya Papermoon. Palikuwa na Sukasman wa Yogyakarta, aliyebadili vipimo vya miili ya vikaragosi vya ngozi na kutia taa za rangi, akauita mtindo wake wayang ukur. Mchoraji Heri Dono alikwenda kujifunza kwake miaka ya 1980, na baadaye akachukua aliyojifunza hadi kwenye majumba ya sanaa ya dunia. Slamet Gundono alitengeneza vikaragosi vya nyasi. Enthus Susmono wa Tegal alichonga George Bush na Saddam Hussein kwa ngozi ya nyati, akawapandisha kwenye kiwambo, na watu haohao wa Tegal wakaja kumchagua kuwa kiongozi wa wilaya yao. Na Seno Nugroho! Huyu alipendwa na vijana kwa namna alivyokuwa akimsemesha Bagong. Maonyesho yake yalirushwa moja kwa moja kwenye YouTube, na korona ilipofunga shughuli mwaka 2020 aliendelea kuchezea nyumbani, watu wakimfuata kwa simu. Alifariki Novemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 48 tu.

Nikiri kwamba si kila aliyepita mlangoni alileta kitu cha maana. Wako dalang wanaoiacha goro-goro iteke usiku mzima, nyimbo za kuombwa na vichekesho vikatanda hadi hadithi ikabaki kidogo tu, ya kumalizia. Wapenzi wa wayang wanalalamika, na nadhani wana haki. Mlango ukiwa mpana kuliko nyumba, aliyekaribishwa ataingia wapi?

Mwaka 2003 UNESCO ilitangaza wayang kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Ni heshima kubwa. Lakini cheti hakikeshi. Wanaokesha ni watu.

Niseme pia jambo moja linalotuhusu sisi wa redio. Wajava wamesikiliza wayang redioni kwa miaka mingi sana. Redio ya taifa, RRI, imerusha usiku mzima wa wayang, mtu yuko kitandani au kibandani kwake na kiredio kidogo pembeni, haoni kikaragosi hata kimoja, na bado anajua nani kaingia kwa kusikia sauti na mdundo tu. Kaseti za dalang Nartosabdo, aliyefariki mwaka 1985, bado zina wapenzi. Fikiria: mchezo wa kivuli, na kivuli chenyewe hakionekani!

Papermoon wao wamekwenda upande wa pili kabisa. Michezo yao mingi haina maneno. Kwa hiyo hapa redioni itabidi nikueleze kwa macho yangu, nawe unisaidie kwa akili yako.

Kikaragosi cha Papermoon ni kama mtoto kwa kimo, uso mkubwa uliochongwa kwa mkono, mdomo haufunguki, macho hayapepesi. Wachezaji hawajifichi, unawaona kabisa. Katika mtindo mmoja ambao asili yake ni Japani, mchezaji hukalia kigoda chenye magurudumu, na nyayo za kikaragosi zimefungwa kwenye miguu yake, hivi kwamba akipiga hatua, hatua ni ya wawili. Uso haubadiliki, basi hisia zinatoka wapi? Zinatoka kwenye pumzi. Mchezaji anavuta pumzi, kifua cha kikaragosi kinapanda. Anaishusha, mabega yanashuka. Kichwa kinainama kidogo tu, na wewe mtazamaji unauona uso uleule wa karatasi umejaa huzuni. Wamekupa nafasi, na huzuni umeitia wewe.

Kazi yao iliyotikisa watu ilitoka mwaka 2010, na sasa kaa vizuri, msikilizaji: inaitwa Mwathirika. Ndiyo, ni neno letu hilihili, wasanii wa Java wameliweka kwenye mchezo wao. Wahusika wanaitwa Moyo, Tupu, Baba na Haki. Lakini tusikae sana kwenye majina, kilichomo ndani ndicho kizito.

Moyo na Tupu ni ndugu wawili, watoto wadogo, wanalelewa na baba yao. Siku moja alama ya pembetatu nyekundu inachorwa kwenye dirisha la nyumba yao. Baba anachukuliwa. Watoto wanabaki. Haki, jirani yao, naye ana mtoto wake, na nyumba ikishatiwa alama, ujirani unageuka kuwa hatari. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Mtoto anangoja, na sisi tunangoja naye.

Ni hadithi ya mwaka 1965. Baada ya jaribio la kupindua serikali usiku wa kuamkia Oktoba mosi, jeshi la Indonesia na makundi yaliyoliunga mkono yaliwasaka waliodaiwa kuwa wakomunisti. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliouawa walikuwa kati ya nusu milioni na milioni moja. Wengi wengine walifungwa miaka mingi bila kesi. Na walipoachiwa, vitambulisho vyao vilitiwa alama ya kuwa waliwahi kuwa wafungwa wa siasa, na watoto wao wakafungiwa milango ya ajira serikalini. Rais Soeharto alitawala mpaka 1998, na miaka ya utawala wake watoto wa shule walipelekwa kutazama filamu ya serikali iliyosimulia upande mmoja tu wa mkasa huo. Nyumbani, wazazi walinyamaza. Wajukuu walikua bila kujua kwa nini babu hazungumziwi.

Je, jambo la namna hiyo ulisemeje? Mtu mzima akisimama jukwaani kulihutubia, wapo watakaoziba masikio na wapo watakaokuja na marungu. Lakini kikaragosi cha mtoto, kimekaa, kinamngoja baba yake, utakipiga marungu kwa kosa gani? Hiki ndicho Papermoon walichokifahamu. Na ukitazama vizuri utaona hawakuwa mbali na Semar. Yule mtumishi naye anasema mbele ya wakubwa yale ambayo mtu wa kawaida asingethubutu. Ngozi imekuwa karatasi, na maneno yamekuwa kimya, lakini kazi ya kikaragosi ni ileile: kubeba lililo zito kwa niaba ya waliolemewa.

Mwaka 2012 mchezo wa Mwathirika ulizungushwa Marekani. Kabla ya hapo walikuwa wametoa mwingine, Secangkir Kopi dari Playa, yaani kikombe cha kahawa kutoka Playa, juu ya kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo, mwaka 1965 ukamkatia njia ya kurudi, na mchumba wake akabaki Indonesia. Filamu ya Ada Apa Dengan Cinta 2 ya mwaka 2016, iliyopendwa mno kwao, ilionyesha kipande cha mchezo huo, na vijana ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa vikaragosi wakaijua Papermoon.

Ndipo ninapoliona tamasha la Pesta Boneka kwa uzito wake. Kikundi chenye umaarufu kama huo kingeweza kuendelea kuzunguka dunia kwa mialiko. Badala yake wameamua kuwa wenyeji. Mgeni anakuja Yogyakarta na sanduku lake, anachezesha, na kesho yake anakaa chini na mafundi wa pale kuonyeshana mikono: wewe unafungaje kiungo cha goti, mimi natoboaje. Mtoto wa mtaani anaona kikaragosi cha bara jingine kwa umbali wa hatua mbili, na pengine usiku uleule, kijiji cha pili, dalang anakesha na Bagong. Mtoto huyo hataambiwa achague.

Na sisi huku? Msikilizaji, vikaragosi si vigeni kwetu. Wakenya watakumbuka The XYZ Show, ilianza kurushwa mwaka 2009, kazi ya mchora katuni Gado, Mtanzania aliyefanyia kazi Nairobi. Viongozi wakubwa waligeuzwa vikaragosi vya mpira, wakasemeshwa yale ambayo wananchi walikuwa wakinong'ona. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, vikundi vya Kenya vilizunguka sokoni na vijijini na vikaragosi kuzungumza juu ya UKIMWI, wakati ambapo mtu na mkwewe wasingeweza hata kulitaja jina la ugonjwa huo mbele ya wenzao. Basi tunajua kikaragosi kinaweza nini. Tunachokosa ni mahali pa kukutana kila baada ya miaka miwili, fundi wa Mombasa, wa Bagamoyo, wa Bujumbura na wa Goma, wakae chini waonyeshane mikono. Papermoon walianza na chumba na karatasi. Mimi natamani sana kuliona hilo huku kwetu, na nalisema kwa moyo wangu wote.

Muda wetu umeyoyoma. Ukitaka kuiona wayang, ziko rekodi nyingi kwenye intaneti, ila ukifungua moja, usikate tamaa na salamu ndefu za wafalme. Mngojee Semar. Na kama wewe ni mchezesha vikaragosi, au unamfahamu mzee aliyewahi kuvichezesha shuleni, sokoni au zahanatini, tuandikie utueleze alivitengeneza kwa kitu gani na alicheza visa gani. Tutavisoma hapa hapa wiki ijayo.